Kitetemo, mji usiosema pole

Nilikwenda Kitetemo kutafuta udongo. Zombo kuna udongo mwingi, mweusi wa bondeni na mwekundu wa mlimani, kwa hiyo majirani waliona ajabu nipande lori kuufuata mwingine. Lakini niliotumwa ulikuwa udongo wa kaburi la mdogo wangu Elia, na mama alikuwa ameketi juu ya mkeka akiusubiri.

Elia aliondoka nyumbani miaka ile ya vijiji, sisi tulipokuwa tumehamishwa kutoka mlimani na kupangwa kandokando ya barabara kama viazi kwenye tuta. Alisikia kwamba Kitetemo, mji wa machimbo huko kwenye baridi, wanataka vijana wenye mikono. Akaenda. Habari zake za mwisho zililetwa na Salehe, dereva wa lori la mawe ambaye wazazi wake walifika Kilosa kukata mkonge na hawakurudi kwao tena. Alitembea kutoka kituo cha treni mpaka kwetu, kofia kichwani, akamkuta mama anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nimetumwa na uongozi wa Kitetemo. Wanasema Elia amehamia Mtaa wa Mbele. Wanasema hongereni."

Aliposema hongereni, alivua kofia akaishika kifuani. Mama hakuangalia mdomo wake. Aliangalia kofia. Akaweka ungo chini, akainua mikono, akaanza kufumua nywele zake palepale. Nami nikafumua zangu.

Kwetu mwanamke aliyefiwa hufumua nywele na hasuki wala hanyoi mpaka siku ya kuanua tanga. Siku hiyo hunyolewa, nywele zikazikwa, mkeka ukakunjwa, maisha yakaendelea. Aliyefia mbali huletwa udongo wa kaburi lake, ukazikwa nyumbani, ndipo tanga likaanuliwa. Pasipo udongo mkeka haukunjwi. Mama mdogo Raheli, aliyekuja kutoka Munisagara kukaa na dada yake, alilisema wazi: "Aliyehama hana kaburi. Na asiye na kaburi, tanga lake utalianua na nini?"

Mwenyekiti wa kijiji chetu naye alikuwa na lake. Alisema kamati haiwezi kumruhusu mama kukosa shamba la kijiji kwa ajili ya mtu aliyehama, maana sote tumehama na hakuna aliyefumua nywele. Nayaandika haya mapema ili nitakapoanza kuwacheka watu wa Kitetemo, asifikiri mtu kwamba kwetu tulikuwa na akili zaidi.

Watu walikuja kutoa pole. Kwetu pole hujibiwa "nimeshapoa." Mama alikuwa hajibu. Mchungaji alipomsihi ajibu japo kwa heshima ya wageni, alisema, "Sijapoa, baba mchungaji. Unataka niseme uongo juu ya mkeka wa mwanangu?" Tangu siku ile hawakumsihi tena. Alikula kidogo, kisha kidogo zaidi. Ikaonekana mtu aende. Nikachaguliwa mimi kwa kuwa ndiye dada mkubwa, na kwa kuwa nilifika darasa la nne shule ya misheni, hivyo ningeweza kusoma vibao. Mama mdogo akanipa chungu kidogo chenye mfuniko. "Kijae," akasema.

Safari ilianzia Ulaya. Msomaji wa mbali asishtuke. Ulaya yetu ni kituo cha treni, mwendo wa miguu kutoka Zombo, na mimi nimefika huko mara nyingi nikiwa na kuku kapuni. Mjomba wetu mmoja alikuwa akijisifu kwa wageni kwamba watoto wake wote wamezaliwa Ulaya, na hakuwa mwongo. Nikapanda treni ya kwenda Kidatu, nikashuka Mikumi.

Mikumi nilimkuta Salehe chini ya lori lake, miguu nje. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani, madereva wanakula wali, na tumbili wa mbugani wameketi mbali kidogo wakiwahesabia matonge. Mwanamke anayeuza chakula aliniangalia nilivyovaa.

"Dada, unakwenda wapi na kanga mbili?"

"Kitetemo."

"Kitetemo na kanga? Utarudi umeganda kama samli. Salehe, huyu umemwambia?"

"Nimemwambia alete blanketi," Salehe akajibu kutoka chini ya lori. "Akaleta chungu."

Mama yule aliingia ndani akatoka na koti kuukuu la mwanamume, la sufu, lililoachwa na msafiri. Akaniuliza ninafuata nini huko juu. Nilipomwambia, alinishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Pole, dada yangu." Nilimjibu kwa kuinamisha kichwa. Sikujua kwamba ni pole ya mwisho nitakayosikia kabla ya kuanza kupanda.

Njiani, baada ya kuipita Iringa na kuiacha barabara kuu, Salehe alianza kunifundisha adabu za huko.

"Kule usiseme shikamoo. Wamesema ni neno la kushika watu miguu. Sema, 'Hongera, ndugu.'"

"Hata kwa mzee?"

"Hata kwa mzee."

"Nitaona kama nimemtukana."

"Utaona hivyo. Na lile jingine usilitamke kabisa."

"Lipi?"

Alitazama kioo cha pembeni kana kwamba kuna mtu amening'inia nje. "Pole."

Nikadhani ananitania kwa sababu nilikuwa kimya tangu Mikumi. Hakuwa anatania. Zamani, alisema, jiwe likimwangukia mchimbaji, wenzake waliacha sururu wakaenda kumpa pole. Mmoja anashika mkono, wa pili anashika bega, wa tatu anakumbuka naye alivyoumia mwaka juzi, kazi imelala. Kamati ikakaa. Ikagundua kwamba pole moja huita pole ya pili, na pole mbili zikikaa pamoja ndiyo polepole. Neno likafutwa.

"Sasa mtu akiumia anaambiwaje?"

"Hongera."

"Na akifa?"

"Hafi, dada. Anahama."

Asubuhi tulipoufikia mji, nyasi zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na maji kwenye mtaro yalikuwa yamesimama, magumu, unaweza kuyagonga kwa kidole yakalia. Pumzi yangu ilitoka kama moshi wa jikoni. Langoni kulikuwa na kibao kikubwa: KARIBU KITETEMO. HAPA HAKUNA BARIDI, KUNA UPEPO WA MAENDELEO. Nilikisoma chote, meno yakigongana. Ndivyo mji ulivyopata jina, Salehe akaniambia, ingawa viongozi wanasema watu hutetemeka kwa hamu ya kazi.

Mtaa wa kwanza unaitwa Karibu, na kazi yake ni kupekua watu. Askari wa lango, mwanamume mnene aliyejifunga mashuka mawili juu ya sare, alifunua chungu changu akachungulia.

"Cha nini hiki?"

"Cha udongo."

"Udongo upi?"

"Wa kaburi la mdogo wangu."

Salehe alifumba macho. Askari alinitazama kwa muda, si kwa ukali. "Ndugu, hapa hakuna makaburi. Na udongo wa hapa ni mali ya taifa, hautoki hata uliokwama kwenye kwato za mbuzi. Nitaandika chungu cha kupikia."

"Si cha kupikia."

"Nitaandika hivyo hivyo," akasema. "Hongera kwa safari."

Ni lazima nieleze kinachochimbwa Kitetemo, maana bila hicho mtu hawezi kuwaelewa, na hata nacho ni vigumu. Wanachimba jiwe-moto. Ni jiwe la rangi ya ini, na ukilishika lina joto, kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Halipoi. Hata unga wake una joto. Mlima mzima umejaa joto, na watu walio juu yake wanakufa kwa baridi. Nimesema wanakufa. Wanahama.

Mawe yote hupakiwa kwenye malori kwenda bandarini, isipokuwa machache. Hayo machache ndiyo yaliyozaa mtaa wa pili, Foleni. Hapo kila mwananchi ana haki ya kushika jiwe moja, kwa zamu, mpaka msimamizi apige makofi. Joto ni la wote, kibao kinasema. Niliwaona watu wamesimama tangu alfajiri, wakisukumana, na nikaona wanapata joto jingi zaidi kwa kule kusukumana kuliko kwa jiwe. Nilimwambia mmoja hivyo. Akasema jambo hilo linajulikana, limeshaingizwa kwenye ripoti kama faida ya foleni.

Mtaa wa Usawa ndiko nilikofikia. Nyumba zote ni sawa, nazo zote zina mlango wa kimo kimoja, uliopimwa kwa mwenyekiti wa kwanza, ambaye alikuwa mfupi. Kwa hiyo mji mzima una vibyongo kwa kuinama, na mwenyekiti anatembea wima. Mwenyeji wangu alikuwa Tumaini, mwanamke wa rika langu, mke wa mchimbaji aliyefanya kazi shimo moja na Elia. Alinikaribisha kwa sauti kubwa karibu na dirisha: "Hongera, ndugu mgeni. Hongera kwa kufika." Kisha akafunga dirisha, akaniwekea uji, akaninong'oneza, "Umefanana naye."

Tukanywa uji. Nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa kubana, kila mstari umenyooka, kama matuta ya shamba la serikali. Aliona nazitazama.

"Balozi wa nyumba kumi anakagua kila Jumamosi," akasema. "Nywele zilizofumuliwa ni kudhoofisha watu moyo. Za kwako ziko vipi chini ya hicho kitambaa?"

"Zimefumuliwa."

"Usikivue."

"Na mume wako?"

"Amehama. Siku moja na Elia. Shimo lilikaa chini." Akachukua bakuli langu kabla sijamaliza, akaliosha, akalirudisha, akakumbuka kwamba lilikuwa na uji. "Nililetewa hongera na kilo ya sukari," akasema. "Nikasuka siku ileile."

Neno lilinifika mdomoni. Nililimeza kwa ajili yake.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza Foleni. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja, mrefu, mwenye kibyongo kikubwa kuliko wote. Alipofikiwa na zamu, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Jiwe likamponyoka, likamwangukia mguuni. Nikasema, "Pole, baba."

Sikuwa nimekusudia. Yeyote aliyezaliwa kwetu hasubiri kufikiri. Mtu akijikwaa upande wa pili wa barabara, wewe wa upande huu umeshasema pole kabla hajashika ukuta. Lakini foleni yote ilinyamaza. Hata kusukumana kulikoma. Mzee alinigeukia, kidevu kinamcheza, na lililomtoka nalo lilitoka bila kufikiri.

"Nimeshapoa, mama."

Tukakamatwa wote wawili.

Mtaa wa Vuguvugu ndiko ofisi zilipo. Nilipopandishwa ngazi nilianza kusikia joto miguuni, kisha magotini, na tulipoingia kwa mwenyekiti nilifungua vifungo vya koti. Chini ya meza yake kulikuwa na mawe yamepangwa kama mafiga. Mengine yako dirishani. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, jasho linamtiririka, na juu ya kabati feni inazunguka.

"Mawe haya ni ya utafiti," akasema alipoona natazama. "Keti, ndugu. Umesema neno."

"Nimesema."

"Ulikusudia kudhoofisha uzalishaji?"

"Nilikusudia mguu wake."

Wajumbe waliokaa ukutani waliandika. Mwenyekiti akajifuta shingo. "Mgeni anaweza kusamehewa kwa kutojua sheria."

"Nilijua. Limenitoka."

Aliniangalia kwa huzuni, kama mtu aliyenyoosha mkono kumwokoa mwenzake mtoni na mwenzake akaukataa. Akamgeukia mzee. "Na wewe, ulipoa lini?"

"Sikupoa, ndugu mwenyekiti," mzee akasema. "Nilijibu tu. Naona baridi mpaka sasa."

Mjumbe mmoja alikohoa kuficha kicheko, nikajua kwamba hata huko wamebaki watu. Mwenyekiti akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia: udongo wa kaburi la Elia, kujaza chungu hiki, mama yangu apate kuanua tanga. Nilisema yote, maana sijui kusema nusu.

"Ndugu, kosa lako la pili hilo. Elia hajafa. Amehamia Mtaa wa Mbele."

"Yu mzima?"

"Anaendelea."

"Anaendelea na nini?"

"Anaendelea," akasema mwenyekiti, na wajumbe wakaandika kwamba anaendelea.

Mimi si mwepesi wa maneno. Lakini nilifikiri juu ya mama, ambaye asingeweza kutamka neno moja la kuwaridhisha wageni kwa sababu halikuwa kweli, na hapa palikuwa na watu wanaotamka mengi. Nikaona nilichukue neno lao kama lilivyo.

"Basi naomba nikamtembelee," nikasema.

"Nani?"

"Elia. Kwetu mtu akihamia mtaa mwingine, ndugu zake humwendea, wakaona amejipangaje. Sisi tulipohamishwa, hata waliotuhamisha walikuja kututazama. Kama amehama, nionyesheni anakokaa. Kama hamwezi kunionyesha, niambieni alipozikwa."

Feni ilizunguka. Katibu akamnong'oneza mwenyekiti, mwenyekiti akamnong'oneza katibu. Kunikatalia ilikuwa kukiri kwamba Mtaa wa Mbele si mtaa. Wakatuambia tutoke nje, wakakaa mkutano, na tulisikia wakipiga kura mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wote walikubali na hakuna aliyejua wamekubali lipi. Mwishowe nikaruhusiwa kumjulia hali ndugu yangu, bila kuchukua punje ya udongo, nikisindikizwa na mlinzi na mwenyeji wangu. Adhabu ya mzee ilikuwa kupewa hongera hadharani. Yangu ilikuwa kuwapongeza watu wote wa Foleni mmoja mmoja. Nilinyamaza, wakaandika kwamba nimekubali.

Mchana ule tulishuka Mtaa wa Mbele. Jina ni la mbele, lakini njia inakwenda chini. Tumaini alibeba taa ya mkono, mlinzi taa ya kichwani, na kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyoongezeka, mpaka nikalivua koti. Niliwaza kwamba angalau Elia hakuona baridi mwishoni. Tulifika mahali ambapo shimo limekaa, paa limeporomoka, ukuta wa vifusi kutoka chini hadi juu. Juu ya vifusi vile wamepaka namba kwa chokaa, moja baada ya nyingine, kila aliyehama na namba yake ya nyumba. Nyumba hakuna. Ni namba tu.

"Hiyo ni ya kwake," mlinzi akaninyooshea. "Mjulie hali."

Sikujua mtu anafanyaje. Nikafanya kama anavyofanya mtu yeyote anayefika nyumba ya ndugu.

"Hodi."

Tumaini akaanza kulia bila sauti, na mlinzi akageuza uso. "Mimi naangalia taa," akasema. "Taa hizi zina tabia ya kuzimika." Akaitazama taa ambayo ilikuwa inawaka vizuri kabisa, akaendelea kuitazama.

Nikavua kitambaa, maana haifai kusimama kaburini umefunika kichwa kama uko sokoni. Nywele zangu zilikuwa hazijasukwa tangu siku ya Salehe, zimesimama na kujisokota. Nikaegemeza kipaji cha uso kwenye ile namba. Nikamwambia Elia pole. Nikamwambia mama hajambo, kisha nikasahihisha, nikamwambia mama hali chakula. Vumbi lilikuwa likidondoka kutoka juu kidogo kidogo, kama unga unaochekechwa, nami sikujali. Pembeni yangu Tumaini alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka, akiipapasa namba ya mumewe kwa kiganja. Nikageuka nikamwambia na yeye lile neno nililolimeza mezani kwake. "Pole, dada." Alianza kufumua nywele.

Nilichota udongo mkono mmoja. Mlinzi alirudi kutoka kwenye taa yake, akanifungua vidole kimoja kimoja, taratibu, akaumwaga chini. "Huu siwezi," akasema. "Kuangalia kwingine ningeweza. Huu wanaupima." Nikafunga kitambaa changu tukapanda.

Mdomoni mwa shimo tulioshwa mikono na miguu, kanga zikakung'utwa, kucha zikachokonolewa kwa kijiti, na maji yakachujwa. Tumaini aliondoka pale nywele ziko wazi mabegani, akapita katikati ya Mtaa wa Usawa. Nilimwona akiufikia mlango wake, akasimama, akainama kidogo tu, si kama siku zote. Sikujua Jumamosi itamletea nini. Sijui mpaka leo.

Langoni Salehe alikuwa amekwisha pakia, mawe chini ya turubai. Askari yuleyule mnene alikifunua chungu changu. Kilikuwa kitupu.

"Umebeba udongo?"

"Sikupata hata punje," nikasema, na moyo uliniuma kwa kuwa ilikuwa kweli.

Akapekua koti, viatu, blanketi la Salehe. Kisha akakitazama kitambaa changu. "Na humo? Nywele zimesukwa?"

"Hazikusukwa."

Akarudi hatua moja. "Basi usifungue. Nikiziona itabidi niite mkutano, na mkutano wa nywele hauishi leo." Akatazama kulia na kushoto, akajikaza ndani ya mashuka yake. "Na mimi nina kaka Mtaa wa Mbele," akasema. "Haya, pita. Hongera."

Njiani kurudi kichwa kilianza kuwaka. Tuliiacha baridi, tukateremka, tukavua makoti, na bado utosi wangu ulikuwa na joto la peke yake. Salehe alinishika kipaji, akakikuta cha kawaida, akasema hiyo ndiyo malaria ya ujanja. Mikumi yule mama muuza chakula alinipa vidonge na chai ya tangawizi. Nilimrudishia koti lake. Aliuliza kama nimepata nilichofuata, nikamwonyesha chungu, hakuuliza tena.

Nilifika Zombo jua linaelekea mlimani. Mama mdogo Raheli alikipokea chungu, akahisi wepesi wake, akakiweka chini bila kukifunua. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwepo, amekuja kuulizia siku za kazi za mama. Mama alikuwa mkekani palepale nilipomwacha, amepungua.

"Nimemwona alipo," nikamwambia. "Nimebisha hodi. Udongo wamekataa, mama. Wanasema ni mali ya taifa."

"Huyu naye anaumwa," mama mdogo akasema. "Ana homa ya kichwa tangu juu huko."

"Njoo," mama akaniambia. Nikapiga magoti mbele yake. Akanifungua kitambaa kunipima joto, akaingiza vidole kwenye nywele, na vidole vikabaki humo. Akavitoa. Vilikuwa na unga wa rangi ya ini. Akaviweka shavuni mwake. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha juu ya mkeka, akakikung'uta, na vumbi likamwagika, jekundu, likaendelea kumwagika, na kila lilipoangukia palikuwa na joto. Nilikuwa nimelipitisha langoni, mchana, mbele ya askari, nikimwambia kwamba sina.

Mama mdogo alikuwa amekwenda kutafuta wembe. Hakuna aliyemtuma.

Tulinyolewa jioni ileile, mama kwanza, kisha mimi. Vumbi na nywele vilitiwa pamoja chunguni, na chungu kikajaa, kama nilivyoagizwa. Tulikizika nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja kile tulichopangiwa kando ya barabara. Mwenyekiti alisimama akitazama. Nilidhani atasema kamati haijakaa. Akavua kofia.

"Pole, mama," akasema.

Mama alikuwa anakunja mkeka. Aliukunja mpaka mwisho, akaufunga kwa kamba, akaupitisha kwapani.

"Nimeshapoa, baba."

Kuhusu Kitetemo sina mengi ya kuwafundisha mliobaki nyumbani. Nilijifunza kwamba neno likikatazwa watu huendelea kuwa nalo, limekaa nyuma ya meno, na kwamba anayekataa kuona nywele hawezi kuona kilichomo ndani yake. Pale tulipokizika chungu hapashiki umande, hata miezi ya kipupwe. Kuku wa mama wamepagundua. Wameacha viota vyote alivyowatengenezea, wanakwenda kutaga pale.